Namna ya Kuiua Chipu Isiyotaka Kufa

Hongera kwa gari. Limetoka Japani likiwa mtumba, limeshuka bandarini Dar es Salaam, limekula akiba yako ya miaka mitatu, na sasa limesimama Moshi mjini karibu na mnara wa saa, likisubiri kupandishwa Marangu wazee wakalione. Mwongozo huu ni wako. Usome kabla ya kuwasha. Utakubaliana nao kila mstari, kisha Desemba utafanya kinyume chake, kama tulivyofanya sote.

Kwanza, mjue mwenyeji. Ndani ya kila kontroli boksi ya gari hilo, iwe ya injini, ya breki au ya dashibodi, kuna chipu nyeusi isiyozidi punje ya hindi. Ya kawaida ina miguu minane; zenye cheo zina kumi na minne. Jina lake ni transiva. Kazi yake ni kuyachukua maneno ya boksi yake na kuyatoa nje kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kisha kuyaingiza ndani maneno ya wengine. Waya mmoja huitwa CAN-H, mwingine CAN-L, na kwa pamoja wahandisi huziita basi. Usiulize linaondoka saa ngapi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuubuni mtandao huu mwaka 1983, ikautangaza Detroit Februari 1986, na mwaka 1993 ukapewa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Shabaha ilikuwa kuufyeka msitu wa nyaya, maana zamani kila taa na kila kipimo kilidai waya wake. Sasa nyaya ni chache, na zote ni za ushirika. Ukiwa Mchagga unajua tayari shida ya mali ya ushirika iko wapi.

Pili, kariri kanuni za kikao. Basi likiwa kimya, nyaya zote mbili hukaa kwenye volti 2.5 hivi. Chipu ikitaka kusema, huupandisha mmoja hadi karibu 3.5 na kuushusha mwenzake hadi karibu 1.5. Wasikilizaji hawajali nani yuko juu kiasi gani. Wanapima tofauti tu. Ndiyo sababu nyaya zimesokotwa. Kelele za koili na alteneta zikija, huzipata zote sawasawa, kama abiria wawili waliobanana kiti cha nyuma cha Noah ya Rombo: gari likiingia shimoni wote wanaruka, lakini aliyemzidi mwenzake kwa kichwa bado anamzidi kwa kichwa kilekile. Na wakianza kusema wawili kwa mpigo? Kila ujumbe hutanguliza namba. Namba ndogo hushinda, mwenye namba kubwa hunyamaza palepale, husubiri, kisha husema zamu yake ikifika. Ujumbe ulioshinda haupotezi hata herufi. Hakuna mwenyekiti, hakuna aliyenyanyua kigoda, hakuna aliyeondoka na kata yake ya mbege. Usiupeleke utaratibu huu kwenye kikao cha ukoo. Watakuuliza namba umepewa na nani.

Tatu, jifunze hali za chipu, kwa sababu chipu yenye cheo ina hali nne kuu na wewe unaitambua moja. Hali ya kazi: inasema na kusikia. Hali ya kusikiliza tu: masikio yako wazi, mdomo umefungwa, na hufaa sana pale ambapo hatujui nani anavuruga mazungumzo. Hali ya kusubiri: imezima karibu kila kitu, imebakiza sikio dogo lisilokula umeme mwingi. Hali ya usingizi: imelala na kuilaza boksi nzima pamoja nayo. Chipu huhama kutoka hali moja kwenda nyingine kwa amri, bila kununa. Kwa mazoezi, fungua boneti popote pale Himo na uhesabu hali za watu watakaokusanyika. Yupo wa bodaboda, yupo mama mwenye tenga la ndizi, yupo mwalimu mstaafu aliyewahi kuwa na Peugeot. Wote wako kwenye hali ya kazi. Ukimkuta mmoja aliye kwenye hali ya kusikiliza tu, mchunguze vizuri: anaangalia simu yako.

Nne, jifunze kupiga hodi. Chipu iliyolala haiamshwi na kila kishindo. Ile ya miguu kumi na minne, ikilala, hutumia mguu mmoja kuamuru umeme wa boksi ukatwe, na yenyewe ikabaki ikilamba mikroampea chache za betri. Ili iamke kupitia basi, lazima isikie mpangilio kamili: sauti ya kutosha, kimya cha kutosha, kisha sauti tena, kabla muda haujaisha. Hodi, kimya, hodi. Kishindo kimoja, hata kiwe kikubwa namna gani, si hodi, na mgeni wa namna hiyo hafunguliwi. Ni adabu iliyopigwa chapa ndani ya silikoni. Usiende usiku wa manane kuhakikisha kama gari limelala kwa kubonyeza rimoti. Hiyo ni hodi, na wote ndani wataitika.

Tano, uharibu usingizi huo. Si vigumu. Mtafute kijana akufungie alamu, kisha kifaa cha kufuatilia gari, kisha redio yenye skrini kubwa kama ya sebuleni, na umwambie aiunge mahali ambapo umeme haukatiki hata ukitoa ufunguo, ili watoto wasikilize muziki. Kontroli boksi hulala pale basi linapotulia. Kifaa kimoja kikiendelea kugonga usiku kucha, zote zinakesha, kama matanga yenye mwimbaji mmoja asiyechoka. Hesabu ni fupi. Gari lililolala sawasawa hunywa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Lililokeshwa likinywa ampea 3, betri ya Ah 45 inakwisha kwa saa kumi na tano, tena ikiwa mpya. Egesha chini ya mgomba saa moja jioni, mkesha wa Krismasi. Saa nne asubuhi, mama mkwe akiwa ameshavaa na kukaa kiti cha mbele, utazungusha ufunguo na kusikia "tik". Utasema betri za siku hizi ni mbovu. Sema tu. Muuza betri naye ana watoto wa kusomesha.

Sita, azima umeme wa mjomba. Mjomba ana Fuso la kushusha ndizi. Fuso lina volti 24, gari lako 12, na mjomba ana haraka. Hapa utashuhudia uungwana wa chipu. Kwenye miguu yake miwili inayogusa basi, chipu aina ya TJA1042 ya kampuni ya NXP ya Uholanzi imeandikiwa kuvumilia volti 58, chanya au hasi. Waya wa basi ukigusa bodi, inavumilia. Ukigusa betri, inavumilia na kuubana mkondo usipite kiasi. Ikipata joto kali, mahali fulani kati ya nyuzi 150 na 200 ndani ya mwili wake, inazima kisemeo chake, inapoa, inarudi kazini, na haidai shukrani. Umeme ukipungua mno, kama pale stata inapohangaika na betri iliyochoka, inajitoa kwenye basi kabisa: heri kunyamaza kuliko kubwabwaja. Lakini ina mguu mmoja wa chakula, na huo unataka volti 5. Ukiulisha kumi na mbili hakuna uungwana utakaouokoa. Vilevile, haikuahidi kitu kwa niaba ya vifaa vingine ambavyo Fuso la mjomba litavifikia. Kwa hiyo kagua alama za + na − mara mbili. Kwa kawaida mara ya pili huwa baada ya moshi, na moshi unaotajwa hapa si mji.

Saba, uelewe mfongo. Wazee wetu walichimba mifongo kuyashusha maji ya mlimani hadi vihambani, na maji yakanywesha migomba na kahawa kwa zamu. Anayeyafungulia shambani kwake na kusahau kuyafunga anawakausha wote walio chini yake. Basi la gari ni mfongo. Boksi moja ikiharibika na kuukanyaga mguu wa kusemea bila kuuachia, mazungumzo yote yanakufa, kwa kuwa sauti hushinda kimya siku zote. Wabunifu wakaweka kanuni: mguu huo ukikanyagwa kupita muda uliopangwa, ambao ni milisekunde chache au pungufu ya hapo, chipu inakifunga kisemeo chake yenyewe na maji yanarudi kwa wengine. Haiiti baraza. Haisubiri mwenye shamba arudi kutoka Moshi. Zingatia kwamba imemfungia bwana wake mwenyewe, boksi inayoitumikia, ili majirani wapate kusema. Kwa hiyo siku utakapokuta chipu moja imenyamaza, kumbuka kuwa huenda ndiyo pekee iliyofanya kazi yake. Ndiyo utakayoitupa.

Nane, ujue hesabu ya dhambi. Kitabu chake hakishikwi na transiva, ambayo ni mdomo na sikio tu. Kinashikwa na jirani yake, kontrola. Boksi ikituma ujumbe ukaharibika, inaandikiwa 8. Ikituma ukafika salama, inafutiwa 1. Ona uwiano huo, kisha umkumbuke shangazi yako. Hesabu ikipita 127, boksi inashushwa cheo: inaweza kuendelea kusema, lakini hairuhusiwi tena kupaza sauti kukatisha ujumbe wa wengine. Ikipita 255, inatolewa nje ya basi. Thelathini na mbili mfululizo zinatosha. Ikiruhusiwa kurudi, inapaswa kwanza kusikia biti kumi na moja za kimya, mara 128. Kwenye basi la kasi ya biti laki tano kwa sekunde, kimya chote hicho kinaweza kwisha kwa milisekunde tatu hivi. Kwetu aliyetengwa hurudi akiwa ameshika jani la isale la kuombea msamaha, nyuma yake mbuzi, na bado kuna mzee atakayeuliza mbuzi ana umri gani. Wewe huna habari na yote haya. Unachoona ni taa zote za dashibodi zimewaka kwa pamoja, kisha zimezimika zenyewe. Utasema gari limeshajitengeneza. Halijajitengeneza. Limesamehe, na hesabu inaanza upya.

Tisa, pima, au tuseme usipime. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu kumi na sita. Marekani iliagiza kwamba magari madogo yote ya huko, kuanzia modeli ya 2008, yazungumze CAN kwenye soketi ya namna hiyo, na watengenezaji wengine wakafuata njia. Tundu la 6 ni CAN-H, la 14 ni CAN-L. Chomoa betri, subiri kidogo, weka mita ya kupimia umeme kati ya matundu hayo mawili. Kila mwisho wa basi umefungwa rezista ya omu 120 ili ujumbe usigonge ukuta na kurudi kama mwangwi wa korongoni. Rezista mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, mita inasoma 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Dakika mbili, na mita ya bei ya kuku. Hakuna anayefanya hivyo. Kinachofanyika ni kupima kwa mashine, na mashine inaandika U0100, yaani boksi ya injini haisikiki.

"Shikamoo, fundi. Hiyo ina maana imekufa?"

"Marahaba. Mashine haidanganyi, mangi."

Kweli haikudanganya. Ilisema haisikiki, nasi tukasikia imekufa. Mimi mwenyewe nilinunua boksi nyingine, mtumba, kwa ushauri wa gereji ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nawadai pesa zangu. Ikafungwa. Gari likakataa kuwaka, safari hii kwa sababu mpya: boksi ngeni haikuutambua ufunguo wangu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa panya wa kihambani aliyeutafuna waya mmoja chini ya zulia la abiria. Boksi ya zamani ilikuwa nzima, imenyamaza, inasubiri kuitwa. Unaposikia "haisikiki", jiulize nani hasikii. Hutajiuliza.

Kumi, tengeneza. Hii ndiyo hatua uliyokuwa unaisubiri. Tafuta zile nyaya mbili zilizosokotwa. Utazijua kwa kuwa ndizo pekee zilizofungwa kwa uangalifu. Zisokotoe hadi urefu wa mkono, zinyooshe vizuri zionekane nadhifu. Zichubue kwa meno. Unganisha waya wa alamu hapo katikati, kwa kuwa pana umeme kidogo. Viringisha selotepu. Kisha peleka gari likaoshwe injini kwa mashine ya maji ya nguvu, ili maji yaingie chini ya selotepu hiyo na shaba ianze kuota ukijani. Masika yatamalizia. Mwisho, mwite fundi wa kuchomelea aongeze kerea juu ya paa kwa ajili ya mikungu ya ndizi, na asichomoe betri, maana mkichomoa redio itasahau stesheni zenu. Umeme wa kuchomelea utatafuta njia yake ya kurudi ulikotoka, na katika gari kuna njia nyingi, zikiwemo zile nyaya mbili nadhifu. Ukimaliza, washa. Kuna uwezekano mkubwa gari likawaka. Hapo ndipo penye hatari. Kila mtu atasema, "Si unaona?"

Unachokiona ni chipu yenye ukubwa wa punje ya hindi ikikuvumilia. Imevumilia Fuso, imevumilia panya, imevumilia joto na kiu, na mara zote ulipodhani imekufa ilikuwa imejifunga yenyewe ili isiwavuruge wengine. Haikuwekewa kinga dhidi ya kusaidiwa. Siku moja, kwenye kona za kupanda Marangu, mvua ikinyesha na gari limejaa hadi dirishani, itanyamaza na haitarudi, na kwenye kona hiyohiyo watakuwepo wa bodaboda, mama wa ndizi na mwalimu wa Peugeot, wameshuka kutoka popote walipokuwa.

Siku hiyo jaribu jambo moja tu. Fungua boneti, kunja mikono, uingie kwenye hali ya kusikiliza tu. Usielekeze. Usishike waya. Usiseme Toyota za zamani zilikuwa hazina mambo haya. Mwache mwenye mita ya bei ya kuku apime omu zake 60, kama atatokea. Ni hali rahisi kuliko zote. Chipu huingia humo kwa kuguswa mguu mmoja. Wewe utaiweza kwa sekunde kumi hivi. Kisha utasikia sauti ikisema, "Hebu jaribu kuwasha tena," na utageuka kumtafuta mjinga aliyeitoa, na wote watakuwa wanakuangalia wewe.